Sura ya Nane: Kiti cha Chumba Namba Tatu

Ungamo lilikuwa la kurasa mbili na nusu, kwa mwandiko safi wa Sajini, na halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Inspekta alilisoma akiwa amesimama, begi la safari bado begani. Alikuwa ametoka kutoa ushahidi mji mwingine, siku tatu nzima, na asubuhi ile hakuwa amegusa hata chai. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kukutana na mtu aliyeua akasimulia kwa mpangilio namna ile, bila kurudi nyuma, bila kusema ngoja kwanza, kuna kitu nimeruka.

"Karibu nyumbani, Mwinjilisti," Sajini alisema, amejiegemeza kwenye kabati la mafaili kama mwenye mali. "Safari hii tumekutafunia. Wewe ni kumeza tu."

Jina hilo la Mwinjilisti alipewa mwaka aliokataa kumzaba kofi mwizi wa betri za magari mbele ya wenzake. Halikuwa jina la heshima, ingawa wengi waliolitumia walikuwa wakisali kila Jumapili kama yeye.

"Hebu nieleze kwa mdomo," Inspekta alisema.

Sajini alieleza huku akikunja vidole. Juzi alfajiri bibi mmoja wa miaka themanini na moja, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemwishia, alitoweka nyumbani kwa mwanawe. Mwanawe ni mzee wa kanisa, mtu wa nyumba ya ghorofa na maneno ya taratibu. Alifika kuripoti saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri yule mwanamke aliyeajiriwa kumlea bibi akaletwa kituoni. Jana usiku mlezi huyo akakiri kwamba alimpiga bibi kwa mchi, akamtupa kisimani, kisha akajiosha damu. Leo saa sita mchana anapandishwa kizimbani, na Mkuu wa kituo ameshapiga simu mara mbili kutoka safarini kuulizia.

"Na mwili?"

"Unatafutwa."

"Kisimani?"

"Kisimani hamna kitu. Akatuonyesha shimo la taka, nalo hamna. Sasa hivi vijana wanachimba shamba la nyuma ya nyumba."

"Yaani katupa maiti na hajui alikoitupa."

"Anatuchezea huyo. Ukimbana kidogo anataja mahali pengine."

"Vijana wangapi wanamtafuta bibi akiwa hai?"

Sajini alimtazama kana kwamba ameulizwa hali ya hewa ya nchi ya mbali. "Hai vipi, afande? Si mtu amekiri?"

Inspekta alishusha begi. Bibi wa miaka themanini na moja, siku ya tatu sasa, pengine bila tone la maji. Kama alikuwa amekaa mahali fulani, basi tangu jana usiku hakuna binadamu hata mmoja aliyekuwa akimtafuta, na sababu yake ni zile kurasa mbili na nusu alizoshika mkononi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Kaa," alisema. "Chukua karatasi. Niandikie maswali uliyomuuliza."

"Majibu yapo hapo."

"Majibu nimeyaona. Nataka maswali, kwa mfuatano wake. Na usinitanie."

Maswali yalifika kumi na moja. Inspekta aliyaweka kando ya ungamo, akatoa kalamu nyekundu.

"Mchi. Swali lako la tatu: ulimpiga na mchi au na nini? Kajibu mchi. Kisima, swali la tano, umekitaja wewe. Kujiosha damu, la saba, wewe. Kwamba alichoka kumlea, la tisa, wewe tena." Kalamu ilikuwa ikichora duara baada ya duara. "Nionyeshe jambo moja humu ndani alilolileta yeye."

Sajini aliinamia karatasi. Alitafuta kwa muda, midomo ikicheza.

"Hukumhoji huyu mwanamke," Inspekta alisema. "Umejihoji mwenyewe, ila mwili wa kuumia ukaazima kwake."

"Afande, usinivue nguo hivyo. Jambo lake lipo. Tena alilisema mapema kabisa, kabla hata hatujaanza."

"Kabla hamjaanza nini?"

Sajini alifungua faili, akachomoa karatasi ya juzi, maelezo ya saa tisa na dakika ishirini. Yalikuwa mistari sita tu. Mlezi alikuwa amesema kwamba alfajiri bibi aliamka na kumwomba sabuni, akisema kuna watu wanamsubiri, hawajaoshwa, na ndugu zao watafika asubuhi. Yeye akamrudisha kitandani, akaenda kuwasha jiko. Aliporudi, bibi hayupo. Chini ya neno "hawajaoshwa" Sajini alikuwa amepiga mistari miwili mizito.

"Hapo ndipo nilipomnasa," Sajini alisema, uso ukimrudia uhai. "Nani wanaoshwa huku ndugu wanakuja? Maiti! Mtu anataja habari za maiti kabla hajaulizwa, na unataka niamini hajaua? Halafu tazama hii." Ilikuwa orodha ya vitu vilivyopotea nyumbani, iliyotolewa na mwana wa bibi: kipande cha sabuni ya kufulia, mabuti ya mpira ya bustanini, aproni ya jikoni. "Vitu vya kusafishia damu. Kavificha."

"Au bibi kavaa mabuti na aproni, kachukua sabuni, kaenda mahali."

"Aende wapi na aproni?"

"Hilo ndilo swali ambalo lilitakiwa liulizwe juzi saa tisa na dakika ishirini na moja," Inspekta alisema. "Badala yake ukachukua ule ubao wako wa kupigia watu. Nipe funguo za namba tatu."

Chumba namba tatu kilikuwa na meza, taa iliyokuwa ikipepesa, na kiti cha chuma kilichofungwa sakafuni kwa nati nne. Mlezi alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano. Alikuwa ameweka mikono mapajani, viganja vikitazama juu, vimevimba mpaka vidole haviwezi kukunjika. Inspekta alisimama mlangoni akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba. Alimwomba Bwana amshikie mikono, maana alitamani kurudi kule kwenye kabati la mafaili na kumvunja mtu taya.

Kisha akaingia. Alikuwa na kikombe cha maji, na kwa kuwa mwanamke hakuweza kukishika, alimshikia mpaka akamaliza. Akatoka, akarudi na kigoda cha mfagiaji, akakaa chini kuliko yeye. Mlango aliuacha wazi.

"Nimeua, afande," mlezi alisema kabla hajaulizwa chochote. "Nilimpiga na mchi. Mwili uko... uko mnakotaka uwe."

"Dada, mimi sina ninachotaka uniambie. Ukipenda kunyamaza, nyamaza, ni haki yako. Hakuna atakayekufanya kitu."

"Mwenzako naye alianza hivyohivyo."

Inspekta aliupeleka mkono wake wa kulia chini ya paja, akaukalia, kama alivyozoea tangu ujana kila mahojiano yanapokuwa na moto. Wenzake walimcheka kwa tabia hiyo vilevile.

"Basi tuache habari za juzi," alisema. "Niambie unamwogeshaje bibi."

Mlezi alimtazama, akatafuta mtego ulipo, hakuuona. "Bibi hapendi ninavyomwogesha," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Kila siku ananisahihisha. Nianze na uso, kisha upande wa kulia wote, ndipo nimgeuze. Na kabla ya kumgeuza niseme: nakugeuza sasa. Nikisahau anakuwa mkali. Anasema, hata kama hakujibu, mwambie."

"Hata kama nani hakujibu?"

"Mimi nilidhani ni maneno ya uzee tu. Na kichwa hataki kiwe kwenye mto. Aliokota kipande cha gogo uani, anataka nimwekee hicho. Anasema mto unalowa, gogo halilowi."

"Nini kingine?"

"Sakafu. Kila siku ananiuliza sakafu imeinamia wapi, maji yatatokea wapi. Bafu letu ni la kawaida, afande, maji yanaenda popote. Hilo linamuudhi sana." Karibu atabasamu, akakumbuka alipo. "Nilikuwa namwambia, bibi, wewe ungekuwa bosi wangu ningefukuzwa siku ya kwanza. Anacheka mpaka anakohoa."

Inspekta alikuwa amesimama kwenye uchunguzi wa maiti mara zisizohesabika, shati limebanwa puani. Alifahamu meza ya saruji inayoinama kuelekea tundu la maji. Alifahamu kigogo kinachowekwa chini ya kisogo cha mtu asiyeweza tena kushikilia shingo yake.

"Bibi alikuwa akifanya kazi gani zamani?"

"Mwanawe alisema muuguzi."

"Yeye mwenyewe je?"

"Yeye hasemi. Anauliza tu kama zamu yake imefika."

Inspekta aliinuka. Alimwita askari wa zamu, akaagiza mlezi atolewe akae kwenye benchi la mapokezi, apewe chai na mkate, na daktari aje aandike kila alama mwilini mwake. Kisha akapiga hatua tano mpaka ofisi ya Mkuu.

Mzee wa kanisa alikuwa kwenye sofa, suti nyeusi, sahani ya biskuti mbele yake. Walikuwa wakisali ibada moja, na mara kadhaa alikuwa amempa Inspekta mkono mlangoni.

"Bwana asifiwe, ndugu."

"Amina."

"Umerudi wakati mzito. Jana tulikesha kwa maombi nyumbani kwangu, Mungu afunue yaliyofichika. Saa tano kamili usiku simu ikalia kwamba amekiri." Alitikisa kichwa. "Maombi yamejibiwa, japo kwa uchungu."

Inspekta alibaki amesimama. "Mzee, naomba tukaongelee chumba namba tatu."

"Hapa pana tatizo gani?"

"Hapa pana sofa."

Mzee wa kanisa alifuata kwa sababu hakupata neno la kukataa. Alipoona kiti cha chuma alisita, akakipangusa kwa kitambaa, akakaa. Inspekta alimwekea maji, akakaa kwenye kile kigoda, akaukalia mkono.

"Unanihoji mimi?"

"Nakuuliza kama nilivyomuuliza yeye. Ukipenda kunyamaza, nyamaza. Mlango uko wazi. Mama alifanya kazi gani?"

"Muuguzi. Hospitali ya serikali, miaka thelathini."

"Wodi gani?"

"Mbalimbali."

"Itaje moja."

"Ndugu yangu, mimi nilikuwa mtoto."

"Ulipoulizwa mama anaweza kuwa amekwenda wapi, ulitaja kanisani, sokoni na kwa shangazi yako. Mtu aliyefanya kazi mahali pamoja miaka thelathini, hapo hukupataja."

"Hospitali ilihamishwa. Majengo ya zamani yamefungwa."

"Yote?"

Mzee wa kanisa alinyoosha tai. "Sielewi unachotafuta. Muuaji amepatikana, tena kwa maombi. Mungu hutumia vyombo vyake, hata vikali."

"Usimsingizie Mungu ubao wa Sajini!" Sauti ilimtoka Inspekta mpaka kule mapokezi watu wakanyamaza. Aliishusha, lakini hasira aliiacha ilivyo. "Bwana unayemhubiri alipigwa kofi katikati ya kuhojiwa, mikono imefungwa. Aliyempiga alikuwa askari wa zamu, mtu wa kazi yangu hii. Akauliza amepigwa kwa kosa gani, na hakuna aliyemjibu. Unakumbuka ni akina nani walikuwa wamekaa pale wakitazama? Wazee wa dini, ndugu yangu. Watu wa kuomba sana. Ile habari nimeisoma miaka yote nikijiuliza mimi nimesimama wapi ndani yake. Leo nakuuliza wewe umekaa wapi."

"Mimi sikujua kama anapigwa."

"Juzi ulikaa hapa kituoni, chumba cha pili. Ukikohoa kule, mimi huku nasikia."

Mzee wa kanisa aliangalia mlango ulio wazi, akaangalia chini, na pale kwenye mkono wa kiti palikuwa na doa ambalo hakuna aliyekuwa amelifuta. Alivuta kiwiko chake.

"Mama yako alikuwa anaosha maiti," Inspekta alisema. "Ninakosea?"

Mzee wa kanisa alijibu kwa sauti ndogo. "Miaka thelathini na moja. Chumba cha maiti cha hospitali ya zamani." Alijifuta jasho. "Wewe hujui. Shuleni hakuna aliyekaa dawati moja na mimi. Walisema mikono ya mama yangu ndiyo inayonipikia. Nilipooa nikasema muuguzi. Nilipochaguliwa uzee wa kanisa nikasema muuguzi. Mke wangu hajui mpaka leo."

"Mlezi aliposema bibi amekwenda kwa watu ambao hawajaoshwa, wewe ulielewa."

"Nilihisi tu."

"Ulielewa."

"Mlango wa kule una kufuli! Nikajiambia hawezi kuingia. Nikajiambia, akikutwa kule, kila mtu atauliza kwa nini kule. Nikasema ngoja kwanza, labda atarudi mwenyewe. Halafu mambo yakaenda mbio, Sajini akasema ameshapata mtu..."

Mkono wa Inspekta ulichomoka chini ya paja. Aliuona umeinuka, umefunguka, umefika usawa wa lile shavu lililonyolewa vizuri, na aliona jinsi mzee wa kanisa alivyofumba macho. Aliurudisha. Aliukalia tena kwa uzito wake wote, na ilimbidi ahesabu pumzi kabla ya kuweza kusema.

"Siku tatu," alisema. "Aliyepigwa ameongea mpaka akaishiwa na uongo wa kutuambia. Wewe uliyenyweshwa chai ulikuwa na ukweli mfukoni, na kituo kizima hakuna aliyekuuliza swali moja la maana, kwa ajili ya suti. Inuka. Tunakwenda kumchukua mama yako."

Alipopita mapokezi alisimama mbele ya benchi. "Dada, tumepata mahali anapoweza kuwa. Hulazimishwi kuja. Lakini akiogopa sura zetu, wewe ndiye anayekufahamu."

Mlezi alikuwa na mkate mdomoni. "Anaweza kuwa mzima?"

Katika jengo lile zima, ukimwacha Inspekta, alikuwa mtu wa kwanza kuuliza hivyo. Aliinuka akiwa bado anatafuna.

Sajini ndiye aliyeendesha gari, kwa sababu Inspekta alimwamuru aendeshe na aone. Njiani Inspekta alipiga simu mbili, ya kusimamisha uchimbaji na ya kuita gari la wagonjwa. Mzee wa kanisa alikaa nyuma bega kwa bega na mlezi, akiwa amejikunja upande wa dirisha asimguse.

Hospitali ya zamani ilikuwa imebaki kuta, nyasi za magotini na ubao wa kuzuia watu kuingia. Chumba cha maiti kilikuwa nyuma kabisa, kijumba chenye madirisha ya juujuu, na mlango wake wa mbele ulikuwa na kufuli lililoshikana kwa kutu.

"Nilisema," mzee wa kanisa alinong'ona. "Nilisema kuna kufuli."

"Maiti haitokei mlango wa mbele," Inspekta alisema, akizunguka.

Upande wa nyuma kulikuwa na mlango mfupi wa mbao, ule ambao ndugu walikuwa wakipokelea watu wao. Kwenye tope mbele yake kulikuwa na alama za mabuti, ndogo, za mtu anayeburuta mguu. Zilikuwa zinaingia tu. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua na kukwama kwenye fremu. Kijana mwenye nguvu angeuvuta kwa mkono mmoja. Bibi wa miaka themanini na moja akishaingia na kuurudishia nyuma yake, asingeweza kuuvuta tena.

Sajini aliinua mguu kuupiga teke. Mlezi akawahi mbele yake.

"Bibi," aliita, mdomo karibu na mbao. "Ni mimi. Tunafungua sasa."

Ndani hakukuwa na sauti. Kisha kitu cha bati kikasogezwa sakafuni.

Inspekta alisukuma mlango kwa bega mpaka ukaachia. Harufu ya sabuni ndiyo iliyowapokea. Kulikuwa na vitanda vibovu vimerundikwa mpaka darini, na katikati meza ya saruji iliyoinama. Bibi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mabuti miguuni, aproni imefungwa vizuri kwa nyuma, midomo imepasuka. Bomba ukutani halikuwa na maji. Alikuwa ameisugua meza kwa sabuni kavu, yote, kutoka kichwani mpaka miguuni, na kipande kilichobaki mkononi kilikuwa kama ukucha.

"Mmechelewa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ndugu wako nje?"

"Wako nje, bibi," mlezi alisema, akapiga magoti. "Kunywa kwanza."

Inspekta alishika chupa, mlezi akamwegemeza bibi kichwa kwa kiwiko, wakamnywesha kidogokidogo, kifuniko kimoja cha chupa baada ya kingine. Mzee wa kanisa alikuwa amebaki mlangoni. Alisema "Mama" mara moja, taratibu, na bibi hakugeuka. Alikuwa ameona mikono ya mlezi.

Aliichukua. Aliweka kipande cha sabuni kando, akaileta mikono ile kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza, na kabla ya kuigeuza alisema, "Naigeuza sasa." Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka kwa njaa lakini macho hayakutetemeka. Alikagua viganja, akapanda viwikoni, akasukuma mkono wa blauzi mpaka begani. Alifungua mdomo wa mlezi akatazama meno. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Ubao," alisema. "Si mkanda, si fimbo. Alikuwa amekalishwa, magoti ni mazima. Hizi ni za juzi. Hizi za jana." Alishusha mkono wa blauzi mahali pake, akaunyoosha. Kisha akainua uso akawatazama wanaume mlangoni, sare ya Sajini kwanza, halafu Inspekta. Hakuonyesha mshangao. Alikuwa akiwatazama kama mtu anayewatazama wateja wa kila wiki.

"Nyinyi ni wa polisi."

"Ndiyo, bibi," Inspekta alisema.

"Huyu mmemleta mapema. Bado anapumua."

Mzee wa kanisa aligeukia ukuta, akaegemeza paji la uso kwenye matofali. Mlezi alianza kulia, na bibi akampangusa kwa aproni, akimwambia atulie, atulie, zamu imeshafika.

"Masikini," Sajini alisema, akicheka kidogo kwa pua. "Bibi wa watu. Akili zilishakwenda zamani."

Inspekta alitoa daftari. Aliandika saa, aliandika mahali, aliandika maneno ya bibi yote kama yalivyotoka, na ule mstari wa mwisho aliuandika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kalamu ilipasua karatasi. Alijiuliza katika miaka thelathini na moja bibi huyu alikuwa amewaosha wangapi walioletwa na watu wa sare, na faili zao zilisema wamekufaje. Pengine nyingine alizisaini yeye mwenyewe, Inspekta. Alifunga daftari.

"Sajini, vua mkanda."

"Afande?"

"Vua mkanda. Nipe kitambulisho na funguo za gari. Upo chini ya ulinzi kwa kumtesa mtu aliyekuwa mikononi mwetu."

"Kwa maneno ya bibi asiyejua leo ni siku gani?"

"Kwa maneno yake, na kwa mikono ya huyu dada. Wawili hao wananitosha kwa kuanzia."

"Mwinjilisti, utafika mbali na hili? Mkuu akirudi..."

"Mkuu akirudi, naye nitamuuliza."

Inspekta alipiga hatua moja mbele kupokea mkanda. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba uso wake ulitisha, na Sajini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewaonyesha wengine uso kama huo, alijua kinachofuata. Aliinua kiwiko kujikinga, akafumba macho, akakaza shingo.

Kofi halikuja.

"Utahojiwa leo mchana, ukishakula," Inspekta alisema. "Hakuna atakayekugusa."

Gari la wagonjwa lilikuwa likiingia langoni. Sajini alibaki vilevile, kiwiko kimeinuliwa mbele ya uso, na ilichukua muda kabla hajaamini na kukishusha.